Ukurasa Uliokuwa Ukutani Masakta

Kitabu cha zamani kikifika mkononi mwako, usikifungue. Kinuse kwanza. Kikinuka udongo mbichi kina unyevu, kiweke penye hewa uondoke. Kikinuka mkojo wa panya, usikisogeze karibu na vingine. Kikinuka moshi, kimelala kwenye nyumba za watu kama sisi, na hicho usikiogope sana, kwa sababu mdudu hapendi moshi. Kikinuka samli, ujue nilikishika mimi, na habari yake nitaieleza.

Restituta, mwalimu wa shule ya msingi ambaye sasa anatunza chumba cha vitabu pale misheni ya Mbulu, ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili yenu vijana mtakaomsaidia. Aliniambia, "Babu, andika kama unavyoongea. Usituandikie hotuba." Hotuba siijui. Mimi ni Yakobo, mzaliwa wa Tumati, na shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe ni moja: kukusanya na kutengeneza vitabu vya zamani vya tenzi za Kiitaliano, vile vyenye picha.

Najua mnacheka. Hata mama yangu alicheka. Aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi kwa padre, akaishia hapo.

Tenzi mmezisoma shuleni. Waitaliano nao wanazo zao, ndefu kuliko safari ya kwenda Dodoma kwa miguu, za mashujaa na majitu, wanawake wanaopigana vita, farasi wenye mabawa. Watu wa kale walizichapa kwenye vitabu vikubwa, na picha zake zilichongwa kwanza kwenye mabamba ya shaba, zikapakwa wino, zikagandamizwa kwenye karatasi. Padre Ottavio, aliyeniajiri, alikuwa akivikusanya tangu ujana wake. Mapadre wengine wakirudi kutoka likizo kwao walileta jibini na soksi. Yeye alileta utenzi umeviringishwa ndani ya blanketi.

Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe wa misheni. Siku moja alinikuta nikimnywesha ndama mgonjwa maziwa kwa kidole. Akasimama, akaniangalia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilichokuwa na lafudhi ya hapa kwetu kabisa, "Mkono wako hauna haraka. Njoo nikuonyeshe kitu." Akanipeleka kwenye chumba kile.

Sasa habari ya samli. Kiangazi changu cha kwanza mle ndani, upepo wa huku juu ulikausha majalada ya ngozi mpaka yakapasuka kama visigino. Padre alikuwa amekwenda kutembelea vigango vya upande wa Masieda. Mimi nikawaza: ngozi ni ngozi. Bibi yangu alikuwa na vazi lake la ngozi, na alipoona linakauka alilipaka samli, likawa laini kama sikio la mbuzi. Nikatafuta samli safi. Nikapaka jalada moja, likang'aa. Nikapaka vyote.

Padre aliporudi hakufika hata mezani. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Yakobo, nani anapika humu ndani?"

"Hakuna anayepika, Padre. Nimevipaka mafuta."

"Vitabu vipi?"

"Vyote, Padre."

Akakaa kwenye kiti. Hakupiga kelele. Akasema, "Vizuri. Sasa tutaona nani anavipenda zaidi, mimi au panya."

Panya walivipenda zaidi. Nilipomweleza mke wangu Paskalina, alicheka mpaka akaitua ndoo ya maji aliyokuwa ameibeba. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. "Ngozi ya bibi yako ilikuwa inavaliwa. Jua na jasho vinaitoa samli kila siku. Hicho kitabu chako kinavaliwa na nani?"

Nilimpelekea Padre maneno hayo kama yalivyokuwa. Akauliza, "Nani amesema?" Nikamwambia. Akasema, "Mlete."

Hivyo ndivyo Paskalina alivyoingia kwenye kazi hii. Alikuwa mshonaji wa nguo za altare, mwenye jicho la kuona uzi uliopinda akiwa bado mlangoni. Padre alimfundisha kushona kitabu. Kurasa hukunjwa pamoja kuwa fungu, na kila fungu hushonwa katikati ya mkunjo na kufungwa kwenye kamba zilizosimama kwenye fremu ya mbao. Fremu yake alitengenezewa na fundi wa Dongobesh kwa mbao za mwerezi, na tuliiita kitanda. Baada ya mvua mbili Padre mwenyewe aliacha kushona. Alisema aibu imemzidi.

Tukagawana kazi. Mimi niliosha kurasa, nikapika gundi, nikaziba matundu, nikahangaika na ngozi. Yeye alishona. Sindano sikuishika. Hakuna aliyenikataza. Ilikuwa tu hivyo, kama nyumbani ambako mmoja anakamua na mwenzake anawasha moto.

Kuhusu gundi, andikeni hili mahali. Unga wa ngano, siyo wa mahindi. Uloweke, ukamue kwenye kitambaa, utumie yale maji meupe yanayotuama, uyapike kwa moto mdogo huku unakoroga. Msiguse hizi gundi za chupa za dukani. Gundi nzuri ni ile ambayo mtu atakayekuja baada yako anaweza kuiondoa kwa maji ya vuguvugu asikulaani.

Na kuhusu viraka: kiraka kionekane. Nikiziba tundu la ukurasa sipaki rangi ili mtu adhani hapakuwa na tundu. Naweka karatasi iliyo tofauti kidogo. Anayesoma asisumbuke, lakini anayetafuta ajue. Padre alinifundisha hivyo, na nilimpenda kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Kitabu kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo hakikuja kwenye blanketi. Kilikuja na misumari.

Kulikuwa na Mwitaliano mmoja, fundi wa mitambo kwenye mashamba ya ngano upande wa Hanang, aliyeugua akarudishwa kwao ghafla. Vitu vya nyumba yake viliuzwa. Padre hakujua kwamba yule bwana alikuwa na utenzi. Tulijua siku niliyotumwa Katesh kununua misumari ya mabati, nikafungiwa kwenye karatasi nene, na nilipofika nyumbani nikaikunjua nikaona jitu limekaa juu ya mnara linakula kondoo.

Kesho yake nilirudi Katesh. Mwenye duka alikuwa Mzee Rajabu, ambaye wazazi wake walitoka Kondoa na yeye akazaliwa papo hapo nyuma ya duka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Misumari imepinda?"

"Misumari ni mizima. Nimekuja kuomba karatasi."

"Karatasi gani, msasa?"

"Hii uliyonifungia."

Akaichukua, akaigeuza. "Hizi? Kuna moja ina farasi mwenye mabawa. Tangu nianze kufungia hizi, watoto wanalilia kutumwa misumari. Baba zao hawana hata nyumba ya kuezeka."

"Ni kitabu hicho, Mzee."

"Kilikuwa kitabu. Sasa hivi ni duka. Nikikupa wewe, misumari nifungie kwenye kanzu?"

Padre alikuwa na magazeti ya zamani, marundo. Nilimletea Mzee Rajabu mzigo mzima. Akayapima kwa mkono, akatikisa kichwa. "Haya hayana farasi." Lakini alinipa zilizobaki kwenye boksi, na hakuishia hapo. Yule mzee aliigeuza kuwa kazi yake. Kila mteja aliyeingia aliulizwa: "Wewe si ulinunua misumari hapa? Nenda kaangalie darini kwako. Mwenye kuniletea mwenye mabawa nampa gazeti lenye habari za mpira." Karatasi zikarudi. Moja ilikuwa imetandikwa chini ya kuku anayelalia. Moja ilikuwa jalada la kitabu cha sala. Nilizipokea kutoka mikononi mwa watu miaka na miaka, moja leo, moja baada ya mavuno. Mimi alinibandika jina la Padre Mdogo, na mpaka anafariki, Mungu amrehemu, aliniita hivyo mbele ya wateja. Jalada lenyewe la kitabu hatukulipata. Nadhani liligeuka viatu.

Mtaniuliza nilizipangaje wakati Kiitaliano sikijui. Angalieni chini ya ukurasa wa zamani, pembeni kulia. Kuna neno moja limekaa peke yake. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Wachapaji wa kale waliliweka ili wasipotee wao wenyewe. Basi nilizitandaza karatasi sakafuni, nikatafuta neno la chini la hii liwe neno la juu la ile, kama mtu anayetafuta ndama huyu ni wa ng'ombe yupi. Paskalina alizunguka kwa soksi ili asikanyage.

Picha ndizo zilizotusumbua, kwa maana picha hazina neno la chini. Hapo ndipo Paskalina alipoona kitu. Aliinua ukurasa mmoja dirishani, akauinamisha, akaniita.

"Njoo uone. Kuna mtu humu."

Nilitazama nisione. Akaniinamishia tena. Kwenye karatasi tupu kulikuwa na kivuli cha rangi ya chai hafifu. Picha ikikaa miaka mingi ikitazamana na ukurasa, wino wake hupumulia ng'ambo na kuacha alama, na alama hiyo huwa imegeuka, kushoto kuwa kulia. Tangu siku hiyo tukapanga picha kwa vivuli vyake. Kila moja ikapata kiti chake.

Isipokuwa moja. Kivuli kilikuwepo, picha haikuwepo. Ukitazama kwa subira ulimwona mwanamke aliyevaa mavazi ya chuma, kofia yake ya vita iko chini, amepiga goti, na mkononi ameshika mguu wa mbele wa farasi. Paskalina alisema, "Anamtoa mwiba." Mimi nilidhani anafunga kiatu cha farasi. Tulibishana juu ya hilo muda mrefu.

Aliyekuwa sahihi ni Paskalina. Nilijua siku niliyokwenda Masakta kutafuta nta. Uzi wa kushonea lazima upitishwe kwenye nta ya nyuki, vinginevyo unakatika, na nta ya huko ilikuwa nzuri. Nikaelekezwa kwa mwanamke anayeitwa Fabiana, mkubwa kwangu kwa umri. Nikakaribishwa ndani. Macho yalipozoea giza la jikoni, nikamwona ukutani. Mwanamke wa chuma, amepiga goti, farasi ameinua mguu, na kati ya vidole vyake mwiba, mdogo, umechongwa vizuri mpaka unaumia mwenyewe. Alikuwa amekuwa wa kahawia kwa moshi. Alibandikwa kwa uji.

Nilisahau nta.

"Shikamoo, dada. Samahani, ile picha umeipata wapi?"

"Marahaba. Ilikuja na misumari ya mlango huo ulioingilia. Mume wangu alitaka kuwashia moto, nikamwambia jaribu uone."

Nikamweleza habari yote, nikamwomba anipe picha. Alinisikiliza vizuri, akanipa na maziwa. Kisha akasema hapana.

"Kitabu chenu kina picha ngapi?"

"Nyingi."

"Mimi nina moja. Na nyie wanaume wenu wote humo wanapigana. Huyu ndiye pekee nimemwona shujaa anafanya kazi. Watoto wangu wote wamekua anawaangalia. Nikikupa, nitawaambia kaenda wapi?"

Nilirudi na nta. Nilimweleza Paskalina, nikitegemea atanituma tena na mzigo wa magazeti. Badala yake alitaka kwenda yeye. Tulikwenda pamoja, naye hakuomba chochote. Alikaa kwenye kigoda akamtazama yule mwanamke ukutani, akanigeukia akasema, "Mwiba," na wote wawili wakanicheka. Wakaongea mambo yao mpaka jua likageuka. Tulipokuwa tunaaga, Fabiana alimwambia, "Siku ukuta huu utakapoanguka wenyewe, uje umchukue."

"Nitasubiri," Paskalina akasema.

Na alimaanisha. Aliweka kitabu kile kwenye kile kitanda chake cha kushonea, akaanza kushona fungu baada ya fungu, akafika penye kile kivuli, akasimama. Akachomeka sindano kwenye pindo la kitambaa cha fremu, uzi ukiwa bado ndani yake. Padre Ottavio, wakati huo ameshakuwa mzee wa mkongojo, alimwomba aendelee tu, aache nafasi, picha itabandikwa baadaye.

"Padre," alimjibu, "nikishona sasa nitakuwa nimesema kimekamilika. Hakijakamilika."

Padre alicheka, akaniambia, "Unaona? Tumemfundisha vibaya." Alikufa bila kukiona kimeshonwa, akazikwa pale nyuma ya kanisa. Sisi tuliendelea na vitabu vingine. Kitanda cha mwerezi kilikaa dirishani na kitabu kile mgongoni, na kila wiki Paskalina alikipangusa vumbi.

Kisha Paskalina akaugua, na hakupona. Sitaandika mengi juu ya hilo. Walio na wenzao nyumbani wakawaangalie tu.

Fabiana alikuja msibani kutoka Masakta. Alinishika mkono kama desturi, akakaa na wanawake wenzake, na alipokuwa anaondoka aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kile kitabu kimeshonwa?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, akaenda.

Kwa muda mrefu sikuingia chumbani. Nilikuwa nimeshastaafu, hakuna aliyenidai kazi. Nilipoingia, Restituta alikuwa ameshakabidhiwa funguo, na kitanda kilikuwa palepale, sindano palepale. Alikuwa anakipangusa. Hakuna aliyemwambia akipanguse.

Wiki ile ile akanifuata nyumbani na simu yake. "Shikamoo babu. Nimempata mama wa mwiba."

"Marahaba. Masakta?"

"Mtandaoni. Maktaba moja huko Ulaya wamekipiga picha kitabu kama chetu, ukurasa kwa ukurasa. Huyu hapa. Tunakwenda stesheneri Katesh, tunamchapa kwenye karatasi nzuri, tunaingiza, tunashona. Kazi imekwisha."

Nilimtazama kwenye kioo kile. Alikuwa yeye, msafi, kila mstari uko wazi. Moyo wangu ulitaka. Sitawadanganya.

"Na chini yake tutaandika nini?" nikamuuliza.

"Tusiandike kitu. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Basi tuandike kwamba ni nakala."

"Hapo tunaelewana. Nakala siyo dhambi. Lakini Paskalina hakumsubiri huyo. Na hata tukimpata yule aliyemsubiri, nani anashona?"

"Si wewe, babu?"

Ndipo nilipoona kwamba hata yule wa Masakta angerudi kesho, kitabu kingebaki kitandani. Mshonaji alikuwa mmoja. Nikaamua siku hiyo hiyo, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, kwamba nitajifunza kushona. Macho yalikuwa yanapungua na kidole gumba kinauma asubuhi za baridi, lakini niliamua.

Nilianza na daftari za watoto zilizochanika. Kisha vitabu vya nyimbo vya kwaya. Nilivishona vyote, nikavirudisha kanisani kwa fahari, na Jumapili upande mmoja wa kwaya ukawa unaimba wimbo wa matoleo na upande mwingine wa kuingilia, kwa sababu kwenye nusu ya vitabu mafungu niliyapanga kinyume. Mwalimu wa kwaya hakunisalimia wiki nzima. Restituta alinitetea: "Mvumilieni babu, yupo mafunzoni." Nilivifumua nikashona tena. Nikavifumua mara nyingine. Jambo nililojifunza, na ambalo Paskalina hakuwahi kuniambia kwa sababu nadhani hakujua kwamba linahitaji kusemwa, ni hili: uzi usiuvute kwenda juu. Uvute kuelekea upande unakokwenda. Ukivuta juu unachana karatasi kama kisu.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka Masakta. Mtoto wa Fabiana anajenga nyumba ya tofali, ya zamani inavunjwa. Mama anasema mzee wa vitabu aje upesi.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, vijana wameshika sururu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Yakobo. Nilimwambia mkeo ukuta ukianguka wenyewe. Hawa wanauangusha. Sikutaja nani auangushe, au nilitaja?"

"Hukutaja."

"Basi mchukue. Lakini nina sharti."

"Sema, dada."

"Usimwoshe uso. Najua nyie mnaosha. Ule moshi ni wa chakula nilichowapikia wanangu. Aende nao hivyo hivyo."

Nilikuwa nimebeba sponji na sabuni laini kwenye mfuko. Kuosha ndiyo kazi yangu, na moshi wa namna ile ningeweza kuupunguza. Nikamwangalia, nikaona hatanii. "Sitamwosha," nikasema.

Sasa sikilizeni jinsi ya kutoa karatasi ukutani, kwa sababu nyumba za udongo zinavunjwa kila siku na hamjui nini kimebandikwa ndani. Usiivute. Uji uliokaa miaka umeshakuwa mwili mmoja na udongo. Ukivuta, uso wa picha unabaki ukutani na wewe unabaki na mgongo. Usitoe karatasi kwenye ukuta. Toa ukuta kwenye karatasi. Nilitandika blanketi juu ya ubao, nikauegemeza usoni pa picha, vijana wawili wakaushikilia kwa ndani. Wenzao wakaanza kubomoa kutoka nje, kidogo kidogo, fito kwa fito.

"Taratibu!" nilikuwa nawaambia.

"Mzee, tumekuja kubomoa nyumba au kuitahiri?" mmoja akauliza, na Fabiana akamrushia gunzi la hindi.

Kipande cha ukuta kikalala juu ya ubao kizima, na fito zake na samadi yake. Tulikifunga kwa kamba. Nilirudi nacho Mbulu nyuma ya pikapu ya magunia ya ngano, nimekipakata. Dereva aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ukuta. Hakuuliza tena.

Pale chumbani tukafunika mgongo wa udongo kwa vitambaa vyenye maji ya vuguvugu. Udongo ukalainika, tukautoa kwa kijiko cha mbao, mimi na Restituta, tabaka kwa tabaka. Chumba kilinuka samadi, majivu na uji. Mwisho karatasi ikalegea yenyewe, ikageuka, na mwanamke wa mwiba akatutazama, wa kahawia, na moshi wake wote. Tuliiacha ikauke chini ya mbao. Restituta hakuuliza kama tutamwosha.

Kisha tukaufikisha ukurasa mahali pake. Kurasa zote za kitabu kile ni nyeupe au za rangi ya maziwa. Huyu peke yake ni rangi ya chai ya rangi. Tulipomlaza kutazamana na kivuli chake, goti lilikaa juu ya goti, mwiba juu ya mwiba. Nilitoka nje kidogo, nikaangalia ng'ombe wa misheni, nikarudi.

Ile nakala ya mtandaoni tuliichapa pia, kubwa, na Restituta akaandika chini kwa mkono wake kwamba ni nakala, na kwamba yule wa Masakta yuko Mbulu. Tulimpelekea Fabiana kwenye nyumba yake mpya. Ukuta wa sebule umepakwa rangi ya maziwa, umependeza. Alimtazama sana.

"Huyu msafi mno," akasema. "Kama mgeni."

Tulipopita tena baadaye tulimkuta amemhamishia jikoni, karibu na mafiga. "Nimemweka huku azoee," akatuambia.

Nilishona asubuhi, jua likiwa dirishani. Nilichomoa sindano ya Paskalina pale alipoichomeka. Uzi wake ulikuwa bado na nta ya Masakta, umekauka, lakini haukuwa umeoza. Tatizo ni kwamba ulikuwa mfupi. Usingefika mwisho wa kitabu. Fundi angefanya jambo moja tu: kufumua kazi ya zamani yote na kushona upya kwa uzi mmoja, ili mvutano uwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Mimi ningekufundisheni hivyo hivyo. Lakini sikufumua. Nilikata uzi mpya, nikaupitisha kwenye nta, nikaushika huo na ule wa Paskalina, nikaziunga kwa fundo.

Kuanzia hapo mishono ni yangu. Imelegea hapa, imekaza pale, na kwenye fungu moja nilichoma nje ya mkunjo nikarudia. Lakini kitabu kimefungwa, kina jalada jipya la ngozi ya ndama, halina samli, na mwanamke wa mwiba yuko mahali pake.

Fundo la mshonaji mzuri hulioni. Langu mtaliona. Fungueni pale penye picha ya kahawia, angalieni katikati ya mkunjo, kuna kifundo kinene kama punje ya mtama. Mkikuta fundo la namna hiyo kwenye kitabu kingine chochote cha chumba kile, lifumueni mshone upya, na mkijua kwamba ni langu msinionee haya. Hilo moja liacheni.